Siku Arobaini za Kutambaa

Katika mtaa wetu wa Katoyi, hapa Goma, hakuna mtoto anayetambaa. Hakuna aliyekataza, ni mawe tu. Kiwanja chetu, kama viwanja vyote vya jirani, ni volkano iliyopoa ikabaki na meno, na hakuna mama mwenye akili timamu atakayemweka mtoto wa miezi minane hapo aende kwa magoti. Mtoto anakaa mgongoni. Mama akichoka, anahamia mgongo wa shangazi. Shangazi akichoka, kuna binti wa jirani. Na siku moja anashushwa, tayari ana viatu, anasimama, anaenda. Binti yetu alikua hivyo. Mimi nilizaliwa Bukavu, kwenye udongo wa kawaida, na nimeambiwa nilitambaa sana. Sijaona faida yake.

Naanza na hilo kwa sababu mwaka huu, nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja, baba wa familia na karani wa serikali, nilitambaa siku ishirini na nne kuzunguka meza ya chakula, na mtaani kuna watu wenye maelezo yao kuhusu jambo hilo. Ni afadhali nitoe yangu.

Ilianza shuleni. Binti yetu alikuwa na miaka saba, darasa la pili, na mwalimu wake alituita mimi na mke wangu baada ya masomo. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Alisema mtoto anaulizwa hesabu ya leo anajibu ya jana. Akiambiwa afungue daftari, anangoja kwanza aone mwenzake anafungua lipi. Anachungulia kwa jirani hata kama hakuna mtihani, na wenzake wakimcheka anapiga. Mwalimu alieleza yote haya akiwa anapanga vipande vya chaki kwenye kopo, kisha akafikia neno la mkuu wa shule, alilokuwa ametuitia.

"Mutoto iko na akili, papa. Lakini nikisema naye, yeye haiko. Mwaka wenye kuya hataingia mu ya tatu, na direkteri anasema muanze kumutafutia shule ingine."

Njiani kurudi nyumbani mke wangu alilia chini ya kitambaa chake. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, na haikuwa hasira ya kumkasirikia mwalimu.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Kazi yangu ni kuandikisha watoto waliozaliwa. Nakaa nyuma ya kidirisha cha mbao, watu wanapanga mstari, nauliza jina la mtoto, siku aliyozaliwa, jina la baba. Nauliza mara moja. Asiyejibu anarudi nyuma ya mstari. Sifanyi hivyo kwa ubaya, ila mstari wenyewe unafika barabarani. Baada ya miaka kumi na tano ya kukaa pale, nilikuwa nimekibeba kile kidirisha hadi nyumbani bila kujua. Binti yangu nilimwita mara moja. Asipoitika, niliandika moyoni kwamba ni dharau. Mama yake alimwita kwa sauti ya chini kabisa, akiwa jikoni, na mtoto akakimbia. Mimi nikimwita mezani, nimekaa karibu naye, anaendelea kumenya kiazi chake.

Niliona wivu. Nalisema wazi: mwanamume mzima, nilimwonea wivu mke wangu mwenyewe, na kwa kuwa wivu ni aibu niliupa jina la nidhamu. Tena nilikuwa na mkono mwepesi. Jumapili moja, tukitoka kanisani, nilimwambia asimame. Akaendelea kutembea kuelekea pikipiki zinakopita. Nilimfikia nikampiga kofi mbele ya watu wa misa nzima. Mzee mmoja akanipongeza, akisema siku hizi wazazi wanaoonya watoto wamebaki wachache.

Jioni ya siku ile tuliyoitwa shuleni, mama mkwe wangu alipiga simu kutoka Bukavu. Mke wangu alikuwa amekwisha kumweleza yote. Mama mkwe alisema yeye ana nyumba kubwa na hana mtu, kuna shule ya masista karibu, na kama mtoto amewashinda watu wa Goma, wakati wa Pasaka atavuka ziwa aje kumchukua. Mke wangu akaziba simu kwa kiganja, akaniambia kwa kunong'ona, kwa sababu nyumba yetu ni ya mbao, kwamba mtoto wake haendi popote. Mimi sikunong'ona.

"Aende," nilisema. "Mutoto mwenye haniheshimu, anabakia hapa ya nini?"

Nikachukua simu nikampa mama mkwe neno langu. Asiyejua desturi za upande wa mke wangu ataona ni jambo dogo. Kwao, mkwe akishampa mama mkwe neno, halirudishwi. Kulirudisha ni kama kumwondoa mezani akiwa na tonge mkononi. Mke wangu alinitazama, akazima taa akalala akiwa na nguo zake za mchana.

Wiki ile Kwaresima ikaanza. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, padri alitangaza kwamba wazazi wabaki katika ukumbi wa parokia kwa sababu kuna mkufunzi wa mambo ya watoto. Goma hatukosi wakufunzi. Huyu alivaa jile, kizibao chenye mifuko kumi, vazi la watu wa mashirika, na mifuko tisa ilikuwa mitupu. Alitundika ukutani picha ya ubongo, upande wa kushoto buluu, upande wa kulia nyekundu. Buluu, alisema, ni ya hesabu, maneno na utaratibu. Nyekundu ni ya nyimbo, rangi na huruma. Mtu mwema hutumia pande zote mbili sawasawa, na upande mmoja ukilala, tabia inapinda.

Ukumbi ulichangamka. Wanawake walianza papo hapo kugawa nusu kwa waume zao. Mke wangu, ambaye alikuwa hajasema nami tangu usiku ule wa simu, alinigusa kwa kiwiko.

"Weye uko na ile ya buluu tu," alisema. "Ile ingine balisahau kukuwekea."

Mkufunzi akaendelea. Pande hizo mbili, alisema, hufahamiana mtoto anapotambaa: mkono wa kulia na goti la kushoto, mkono wa kushoto na goti la kulia, hivyo hivyo, mpaka kichwa kishonwe katikati. Mtoto anayeruka hatua hiyo, anayetoka mgongoni na kusimama moja kwa moja, kichwa chake hubaki vyumba viwili visivyo na mlango. Hasikilizi, hatulii, hafuati anachoambiwa, anapiga wenzake. Mke wangu alikuwa amenishika mkono kwa nguvu na sidhani kama alijua.

Kisha mama mmoja wa mtaa wa Mabanga, muuza makaa, akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: na sisi watu wa mawe, je? Mkufunzi alitazama dirishani kama mtu anayeona mji kwa mara ya kwanza. Kwa nadharia yake, Goma nzima ilikuwa na vichwa visivyoshonwa. Nilipofikiria mstari wa pale kazini kwangu sikuona sababu ya kumpinga. Lakini alisema hatujachelewa. Siku arobaini, nusu saa kila siku, mtoto atambae na mzazi atambae pembeni yake akimsemesha. Siku ishirini za kwanza wazunguke upande mmoja, siku ishirini za mwisho wageuke wazunguke upande mwingine, ili kila nusu ipate zamu yake. Baadaye tulipewa soda.

Mimi sikuamini. Mke wangu aliamini yote, hasa kwa sababu ya hesabu ya siku: arobaini, katika Kwaresima, wiki ileile mtoto wake amehukumiwa. Kwake hiyo haikuwa bahati nasibu. Nilimwambia basi atambae naye. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuinua macho.

"Miye nilimubeba ku mugongo miaka mbili," alisema. "Sasa weye utambae."

Nikakubali. Tena mimi ni mtu wa maagizo: nipe karatasi yenye visanduku na nitavijaza vyote, hata kama sijui ni vya nini. Na kulikuwa na sababu nyingine niliyomficha mke wangu. Nilitaka siku mama mkwe atakapofika, niweze kusema tulijaribu kila kitu.

Tulianza Jumatatu saa kumi na moja jioni, nilipotoka kazini. Viti vyote tulivitoa nje. Meza ilibaki katikati ya sebule, na kati ya meza na ukuta palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja na baba mmoja, kama baba hakupumua sana. Mke wangu alikata godoro kuukuu akatufungia vipande kwenye magoti kwa ukanda wa kikwembe, kitenge chake cha zamani. Binti yangu alikaa upande wa ndani, meza ikiwa mkono wake wa kulia. Mimi nilikuwa upande wa nje, kushoto kwake, nikigusana na ukuta. Mkufunzi alisema nimsemeshe, na mimi sikuwa na la kusema. Nilimuuliza alikula nini saa nne.

"Bilazi," alisema, yaani viazi. "Na ya mwenzangu kidogo."

Nusura nisimame. Nilikuwa nimeuliza mara moja na nilikuwa nimejibiwa.

Siku ya tatu nilijua kwamba mwenzake wa benchi ana mbuzi anayelala ndani. Siku ya sita aliniuliza kwa nini watu wanakuja kuandikisha watoto ambao wameota meno tayari, nikamweleza kuhusu faini na uzembe, na alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hata wenzangu kazini hawalifanyi. Siku ya tisa alinifundisha kutambaa. Ilionekana nilikuwa napeleka mkono na goti la upande mmoja pamoja, kama ngamia wa kwenye kitabu chake, na alicheka hadi akalala chini kwenye saruji. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumchekesha kabla ya hapo. Nilianza kutoka kazini dakika kumi mapema, mimi ambaye nimewaandikia wenzangu barua za onyo kwa dakika tano.

Nilibadili mawazo kabisa. Niliwaeleza watu wa ofisini kuhusu buluu na nyekundu. Nilichora ubongo nyuma ya fomu iliyoharibika. Mtoto wangu alikuwa anashonwa kichwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika sindano, na kwa mara ya kwanza nilifikiria kwamba huenda nitampigia mama mkwe simu.

Sikupiga. Neno ni neno.

Wakati huohuo jambo lilikuwa limetoka nje ya nyumba. Mbao zetu zina nafasi, na jirani yetu ni kiongozi wa shirika, ile jumuiya ya familia kumi na tano zinazosali pamoja kila Alhamisi. Alikuwa ametuona jioni kadhaa, baba na binti, kwa magoti, katika Kwaresima. Siku ya kumi na nne alibisha hodi, akavua viatu mlangoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwetu.

"Papa," aliniuliza kwa heshima kubwa, "hii malipizi, munaifanya juu ya nia gani?"

Nilimweleza kwa kirefu. Nilimwambia kuhusu nusu mbili, mkono na goti, vyumba visivyo na mlango. Aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Kisha akasema ameelewa, kwamba mtu anayefunga hatangazi, na akaondoka kinyumenyume. Wiki iliyofuata nyumba tano za shirika letu zilikuwa zinatambaa kuzunguka meza, kila moja na nia yake. Fundi mmoja wa viatu alifanya nusu saa kamili kuomba pikipiki yake iliyoibiwa ipatikane. Nakiri kwamba nilipokea salamu zao mtaani bila kurekebisha lolote.

Siku ya ishirini na moja tuligeuka, kama tulivyoagizwa. Sasa meza ilikuwa mkono wake wa kushoto, na mimi nilikuwa kulia kwake, nikisugua ukuta uleule kwa bega jingine. Nilianza na hadithi ya mwanamke aliyekuja siku hiyo kuandikisha mapacha akasahau jina la mmoja. Nilikuwa nimeitunza tangu asubuhi. Nilipofika kwenye jina lenyewe, hakucheka. Nilimtazama. Alikuwa anatazama mbele, anatambaa, mkono na goti, vizuri sana.

Siku ya ishirini na mbili nilimuuliza maswali matano na alijibu moja. Siku ya ishirini na tatu nilinyamaza mimi, kumpima, na hakuonekana kuona tofauti. Sijui nieleze vipi nilivyoumia. Kama mtu hajawahi kukupenda, unazoea. Huyu alikuwa amenicheka, amenifundisha, ameniambia mambo ya mbuzi, na sasa alikuwa amerudi kule kule, mezani, akimenya kiazi. Nilimwambia mke wangu kwamba nusu moja imelala tena. Mke wangu alisema labda mtoto amechoka, na nilijua kwamba hata yeye hakuamini.

Siku ya ishirini na nne nilimwita mara ya kwanza. Nikamwita mara ya pili, na mtu anayenijua anajua hiyo ni nini. Mara ya tatu damu ilinipanda, nikainua mkono wangu kutoka sakafuni, na sisemi niliuinua kwa ajili gani kwa sababu msomaji anajua. Lakini nikiwa kwa magoti sikuwa na urefu. Mkono ulitua begani tu. Na yeye akaruka. Aliruka mwili mzima, kichwa kikagonga mguu wa meza, akageuka kunitazama kwa macho ya mtu aliyeguswa bila kutarajia.

Nimeona dharau nyingi katika kazi yangu. Watu wamenipa mgongo, wamenipigia miayo. Anayekudharau anajua kabisa upo; ndiyo raha yenyewe. Mtoto huyu hakujua kwamba nilikuwa nasema.

Nilipita chini ya meza. Ni meza ndogo na mimi si mdogo, nikatokea upande wake wa kushoto, na nikamwambia kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri: "Unapenda samaki ya sambaza ao mayai?"

"Mayai," alisema.

Nilirudi chini ya meza. Upande wa kulia, kwa sauti ya mazungumzo, nilimuuliza kama anapenda nyama. Alikuwa anajishika kichwa palipogongwa. Nikauliza kama anapenda wali. Nikamwambia nyumba inaungua. Nilivuka mara nne, kama ninavyofanya ninapopewa tarehe mbili tofauti za kuzaliwa kwa mtoto mmoja, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: kushoto yupo, kulia hayupo. Mke wangu alitoka jikoni akanikuta chini ya meza. Nilimwambia, "Hasikie ku ile sikio." Alikaa chini pale pale, kwenye saruji, mwiko mkononi.

Hatukula usiku ule. Nilikuwa nikihesabu. Mezani mimi hukaa kulia kwake. Mama yake akija kutoka jikoni anatokea kushoto. Njiani mimi hutembea kulia, upande wa magari, kama baba anavyopaswa. Darasani alikuwa benchi la kushoto kabisa, ukuta upande wa sikio zima. Na pale kanisani nilimwambia asimame nikiwa nyuma yake, upande wa kulia, pikipiki zikiunguruma.

Hospitalini tulimpata daktari wa masikio siku ya nne ya kupanga mstari, na mstari ule ulinipa muda wa kujifikiria mimi na kidirisha changu. Alikuwa kijana mwenye taa kwenye paji la uso. Aliangalia sikio la kushoto, akaangalia la kulia kwa muda mrefu zaidi, akapiga uma wa chuma unaovuma, akauweka huku na kule. Nilimuuliza kuhusu zile nusu mbili. Alisema nusu za kichwa cha binti yangu hazina tatizo lolote, zinafahamiana tangu tumboni, na kutambaa hakuwezi kumdhuru mtu isipokuwa magoti. Tatizo lilikuwa ngoma ya sikio la kulia, iliyopasuka na kupona vibaya.

Nilimuuliza imepasuka na nini. Alisema huweza kuwa usaha wa utotoni ambao haukutibiwa ukaisha. Huweza kuwa mlipuko, na hilo hakuhitaji kutueleza, kwa sababu kuna siku za mabomu ambazo watu wa nyumba zote za mbao za Goma walilala sakafuni. Kisha akauliza bila kunitazama, huku anaandika, kama aliwahi kupigwa kofi la sikio.

"Ndiyo," nilisema. "Ni mimi nilimupiga."

Aliandika. Nilimuuliza kama ni hilo, moja kati ya yale ya kabla ya lile la kanisani. Alisema haiwezekani kujua, sikio halina tarehe. Nimeandika tarehe maisha yangu yote na sijawahi kuitaka moja kama nilivyoitaka ile. Mke wangu alikuwa anatazama picha ya sikio ukutani.

Daktari akahamia upande wa kushoto wa mtoto, akainama, akamuuliza tangu lini hasikii vizuri. Binti yangu alimshangaa.

"Mi nasikiaka muzuri," alisema. "Ni papa ndo anasemaka polepole."

Daktari alicheka, kwa sababu tangu niingie chumbani nilikuwa nasema kwa sauti ya kuita watu waliopo barabarani. Mimi sikucheka. Binti yangu alikuwa ameishi miaka ya kutosha akidhani baba yake ni mtu wa sauti ndogo, anayejisemea mambo yake, kisha anakasirika ghafla bila sababu.

Tulipewa dawa ya matone na karatasi ya kumpelekea mwalimu. Sikio lile huenda halitarudi lote. Mwalimu alimhamishia benchi la mbele upande wa pili, sikio zima likiwa upande wa mwalimu, na kabla wiki haijaisha alituma ujumbe kwamba mtoto amekuwa akijibu hesabu kabla ya wengine kuulizwa na tumwambie angoje zamu yake. Kuhusu darasa la tatu alisema tungoje matokeo, lakini hakutaja tena shule nyingine. Ilibaki Pasaka.

Mama mkwe alifika Jumamosi Kuu, kwa meli ya asubuhi, na begi jipya la mtoto. Nilikuwa na wiki mbili za kumpigia simu na sikupiga. Kila siku nilimwambia mke wangu nitampigia kesho, na yeye akanijibu kwamba neno si lake, ni langu, na hatalisema badala yangu. Mama mkwe alielezwa habari za sikio. Alisikitika kwa dhati, akamshika mtoto kichwa, na akasema basi ni vizuri zaidi aende Bukavu, masista wana madaktari. Alikunywa chai yake. Nilimmiminia ya pili. Kisha akaingia chumbani kupanga nguo za mtoto, kwa sababu meli ya kurudi ilikuwa Jumatatu na yeye hapendi mambo ya haraka.

Binti yangu alikuwa amekaa kizingitini, miguu kwenye mawe. Nilikaa kushoto kwake. Nilikuwa nimetengeneza maneno hayo kwa siku nyingi. Nilimwambia kwamba zile mara zote nilizomwita na hakuitika, hakuwa na kosa. Kwamba nilikuwa nasema upande usiosikia, na yale niliyomkasirikia hakuwahi kuyasikia. Kwamba lile kofi la kanisani lilikuwa kosa langu, na naomba anisamehe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafikiri, kwa sababu ni mtoto wa haki, na hakutaka nijitwishe zaidi ya inavyostahili.

"Si yote, papa," alisema. "Ile ya kuenda Bukavu nilisikia."

Nilimuuliza alisikia nini. Akaniambia, neno kwa neno, nilivyolisema chumbani mlango ukiwa umefungwa. Hakulia. Alikuwa amelibeba tangu kabla ya Kwaresima, alikuwa nalo siku ya mbuzi na siku ya ngamia, na alitambaa nami siku ishirini na nne akijua kwamba Pasaka ataondoka.

Nilimwambia haendi. Nikaona hatikisiki, nikasema tena.

"Na tate anajua?" aliuliza. Tate ni nyanya yake.

Nilisema bado.

"Basi uende kumwambia," alisema. "Anapanga nguo."

Niliingia ndani. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya meza, akanipisha. Niligonga mlango wa chumba, nikamwambia mama mkwe wangu kwamba lile neno nililompa nalirudisha, na kwamba anisamehe au asinisamehe. Alikuwa amepiga magoti mbele ya begi, na sare ya shule ilikuwa juu kabisa, imekunjwa vizuri sana. Nilipiga magoti upande wa pili wa begi na nikaitoa mwenyewe.